Jumatano Baada ya Magharibi

Klaten, 3 Machi 2004

Kwa Mbak Wening, dada yangu wa pekee,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Semarang, na kile kikohozi cha mvua kiwe kimekuachia. Mama hajambo, Jumapili nilimpelekea ndizi. Sisi huku wazima. Mimi nimepita uzima, Mbak, sijui hata niuite nini.

Leo wiki mbili tangu harusi. Kila asubuhi namtazama mume wangu, Mas Seno, akichana nywele kwenye kioo kidogo cha jikoni, nasema moyoni, huyu ni wangu, na kesho atachana tena hapa hapa. Duka lake la kukodisha filamu liko mbele ya nyumba, na zile kompyuta tatu za michezo pembeni, kwa hiyo hata akiwa kazini namsikia akicheka. Nikimpelekea chai anawasahau wateja. Jana mmoja akamwambia, "Mas, mimi nimekuja kukodi filamu, siyo kuitazama mlangoni."

Na Ibu, mama mkwe wangu, siku mbili za kwanza alinisemesha kwa ile lugha yetu ya heshima, ya wageni, "tafadhali ketini, tafadhali onjeni." Nikawa nakaa ukingoni mwa kiti. Siku ya tatu akapaza sauti toka uani: "We Ratri, sufuria inaungua, umelala?" Lugha ya nyumbani, kama alinizaa yeye. Nilikwenda kuitoa hiyo sufuria nikitokwa na machozi ya raha.

Sasa ombi. Nataka kuandika hadithi yetu, mimi na Mas Seno, tangu siku ile alipoleta filamu kwa Mama Delanggu kumbe hakuna aliyeiagiza. Nimefika kidato cha sita tu, lakini mapenzi haya yakipotea bila kuandikwa itakuwa hasara. Wewe magazeti yanakugombea. Niambie mwandishi anasoma nini, anatazama nini.

Mdogo wako mwenye furaha, anayejiita kwa siku aliyozaliwa,
Jumatano


Semarang, 20 Machi 2004

Dik Ratri,

Waalaikum salamu. Kikohozi kimeondoka, mgongo umebaki, ndiyo kazi ya kukaa. Msalimie mumeo na Ibu yenu.

Furaha yako nimeisoma mara mbili. Haya ndiyo ninayotumia mimi, usimwoneshe mtu.

Cha kwanza ni Primbon, kile kitabu cha hesabu za bahati cha marehemu babu, kiko kwenye kabati la Mama. Fungua sehemu ya ndoa. Siku yako ya juma na siku yako ya soko, katika zile tano, Pon, Wage, Kliwon na wenzake, zina namba zake; jumlisha na za mumeo, gawa kwa nane, kinachobaki ndiyo bahati yenu. Sikwambii uamini. Soma uone watu wanaogopa nini, maana hadithi inaanzia hapo. Halafu tafuta kitabu cha mapishi cha zamani, kile chenye madoa ya mafuta, ujue mwanamke mwenye hasira anakata vitunguu vipi. Kamusi ya Kijava, kubwa kuliko zote utakazopata.

Kwa mumeo patakuwa na ule mchezo wa kujenga nyumba na kuweka vijitu ndani. Ucheze. Hakuna kinachofundisha zaidi kwamba watu wakifungiwa pamoja watagombana wenyewe. Tamthilia ya saa kumi, ile ya wakwe wawili, usiidharau. Na ile filamu ya zamani ya fundi cherehani anayesubiri stesheni, itazame umezima sauti.

Mwisho ni barua za watu. Hakuna kitabu kinachoshinda barua ya mtu mwenye furaha, maana haangalii anachoandika. Kwa hiyo usinipigie simu. Sauti inapotea. Andika, na uandike vitu vidogo vidogo.

Dada yako,
Wening


Klaten, 18 Aprili 2004

Mbak Wening mpenzi,

Assalamu alaikum, na mgongo je? Ibu anasema upake mafuta ya tangawizi, ameyafunga kwenye chupa, yatakuja na basi la Ijumaa.

Nimefanya yote. Filamu ya fundi cherehani tuliitazama tumezima sauti, Mas Seno akawa anawasemea waigizaji, mpaka yule fundi akawa anaulizia bei ya tempe ya kukaanga stesheni. Nimecheka hadi nikaumwa mbavu. Kwenye mchezo nimejenga nyumba yetu, sisi watatu. Chumba cha Ibu nikasahau kukiwekea mlango. Kijitu chake kikazunguka ndani kikipunga mikono. Ibu akapita, akaona, akasema, "Ndiyo mpango wenu huo?" Mas Seno akamjibu, "Tulia Ibu, tunakutafutia dirisha."

Primbon nayo nimeifungua. Jumatano Pon yangu ni kumi na nne, Mas Seno wa Jumapili Kliwon ni kumi na tatu. Ishirini na saba, gawa kwa nane, inabaki tatu. Tatu ni Jodoh, walioumbiwa kuwa pamoja. Sikuhitaji kitabu kuniambia.

Ila Mbak, kuna jambo limenikaa. Siku ya kuogeshwa maji ya maua kabla ya harusi, Mama alipokuwa ananimwagia aliniinamia sikioni: "Wewe siyo wa Jumatano. Ulitoka adhana ya magharibi imeshakwisha." Nikadhani ni maji masikioni. Lakini jua likizama siku imeshahama, kila mtu anajua, kwa hiyo mimi ni wa Alhamisi Wage, kumi na mbili. Kumi na mbili na kumi na tatu ni ishirini na tano. Inabaki moja. Moja ni Pegat, kuachana.

Mimi siogopi. Mtu mwenye furaha hivi ana habari gani na kugawa kwa nane? Ila Ibu anaamini. Mchumba wa kwanza wa Mas Seno alirudishwa kwa hesabu hiyo hiyo, wakati chakula cha posa kimeshapikwa. Wewe ulikuwepo nilipozaliwa, ni kweli? Halafu barua hii ichome.

Mdogo wako,
Jumatano (bado)


Semarang, 2 Mei 2004

Dik,

Salamu kwenu. Mafuta yamefika, nashukuru.

Ni kweli. Nilikuwa na miaka tisa, mimi ndiye niliyeshika kandili. Watu walikuwa wanarudi kutoka msikitini ulipolia.

Mimi na Mas Jatmiko, aliyekuja kuniposa, tulitoka ishirini na tano pia, sijui kama ulikuwa na akili ya kukumbuka. Mama alihesabu mara tatu mezani, akampa chai, akamtakia safari njema. Nilizaliwa saa nne asubuhi, jua kali, hakuna adhana ya kunisogeza. Nilimpigia magoti aseme siku nyingine. Akaniambia kudanganya siku ya kuzaliwa ni dhambi. Miaka kumi na mbili baadaye naona dhambi hiyo imepungua uzito.

Sikulaumu wewe. Barua nimeichoma.

Juni naanza hadithi mpya ya kila wiki kwenye gazeti la akina mama. Msomee Ibu yenu, naona atafurahi.

Dada yako,
Wening


Klaten, 11 Julai 2004

Mbak yangu,

Assalamu alaikum. Hatujambo wote, ni joto tu. Mas Seno amenunua feni, ameielekeza upande wangu, yeye anatoka jasho kama mpiga makasia na hataki nimgeuzie.

Kila Alhamisi alasiri gazeti likifika namsomea Ibu hadithi yako barazani, macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Jirani naye anakuja na kiti chake. Mbak, umeniiba. Huyo Sekar anayemtazama mumewe akichana nywele jikoni ni mimi. Sufuria ni yangu. Chumba kisicho na mlango ni chetu. Nilisimama nikamwambia Ibu, "Huyu Sekar ni mimi, Ibu, dada yangu ananiandika mimi." Ibu akamgeukia jirani: "Basi mimi ndiye mkwe mkali. Angalau ananipikisha vizuri."

Daftari langu nimeliweka kando kwa sasa. Nikisoma yako naona yangu imeshaandikwa, na vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Sina kinyongo. Najivunia.

Mdogo wako,
Jumatano


Klaten, 26 Agosti 2004

Mbak Wening,

Assalamu alaikum. Sikuulizii afya.

Leo nilisoma kama kawaida. Ibu kwenye kiti chake, jirani na karanga zake. Wewe unaijua sura ya leo, uliiandika. Mama yake Sekar anamwogesha maji ya maua. Nilikuwa nasoma kwa mbwembwe, nikimwigiza mama. "Wewe siyo wa Jumatano," nikasoma, na sauti yangu ikatangulia mbele peke yake kabla mimi sijaelewa. Nimemaliza mstari mzima. Adhana, Alhamisi, kumi na mbili. Nimeisoma mpaka ishirini na tano, Mbak, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jirani akasema, "Loo, huyo mama ni mwizi."

Ibu alinyosha mkono akalichukua gazeti. Aliomba penseli. Alihesabu nyuma ya gazeti lako, taratibu, kisha akanitazama. "Na jina lako Ratri," akasema. "Ratri ni usiku. Nani anamzaa mtoto mchana akamwita usiku? Nilikuwa nimelala."

Ningeweza kusema ni hadithi tu. Lakini nilishamwambia kuwa Sekar ni mimi. Tena nikiwa nimesimama.

Mas Seno alicheka alipoambiwa. Alisema, "Ibu, mimi nimeoa mtu, sijaoa kalenda." Nilimpenda mpaka nikashindwa kupumua. Kisha chakula kilipokuwa tayari nikamwita Ibu, akanijibu: "Tafadhali tangulieni, nitajumuika nanyi baadaye."

Lugha ya wageni, Mbak. Miezi sita, na nimerudi ukingoni mwa kiti.

Ulisema umeichoma.

Mdogo wako,
Ratri


Semarang, 9 Septemba 2004

Dik Ratri, mdogo wangu,

Waalaikum salamu. Nimeandika barua hii mara nne.

Nilibadilisha majina, nilibadilisha mji. Sikujua ungemwambia Ibu kuwa Sekar ni wewe. Hapana, huo ni uongo mwingine, kama ule wa kuchoma barua. Barua yako ya Julai ilinifika, na sura ile ilikuwa bado mezani kwangu. Ningeweza kuifuta. Nilikaa nayo siku mbili. Nilijiambia hadithi bila jambo moja la kweli haisimami, na hilo ndilo jambo la kweli pekee nililokuwa nalo. Nilijiambia pia, mbona yeye alipewa Jumatano?

Nimeshakwambia. Sasa nisikilize. Zimebaki sura sita. Nitawarudisha pamoja. Mkwe atamkumbatia Sekar, atasema hesabu ni ya kitabu tu. Ibu yenu akisikia hivyo huenda naye akalainika, watu hulainishwa na hadithi kuliko unavyodhani. Endelea kumsomea. Nipe wiki sita tu.

Nijibu, hata neno moja.

Dada yako,
Wening


Delanggu, 28 Novemba 2004

Wening,

Mama ni mzima. Naandika nikiwa kwake, chumba chetu cha zamani, kitanda cha upande wa dirisha.

Sura zako sita Ibu alisomewa na jirani. Mimi nilikuwa jikoni nasikia. Mkwe alipomkumbatia Sekar, jirani alilia akapenga makamasi, na Ibu akasema, "Nzuri. Maisha ya kwenye gazeti ni matamu." Kisha akaomba chai, kwa adabu zote.

Unataka vitu vidogo vidogo. Septemba feni ilikufa. Ibu akasema, "Ishirini na tano." Oktoba Mas Seno alianguka na pikipiki kwenye matope, akachubuka goti. Ishirini na tano. Sahani ikipasuka, mteja asiporudisha filamu, wali ukishika chini. Hakunigombeza hata mara moja, angenigombeza ningeshukuru. Mwanzoni Mas Seno alikuwa ananikonyeza Ibu akiitaja. Baadaye akaacha kukonyeza. Halafu siku moja kompyuta ya katikati ikazimika yenyewe, Ibu hakuwepo, na nikaona midomo ya Mas Seno inachezacheza. Alikuwa anahesabu.

Jumapili iliyopita alinileta hapa na sanduku langu. Alisema ni kwa muda, mpaka Ibu atulie. Aliniteremshia sanduku, akalifuta vumbi kwa kiganja. Nilisimama nikingoja aseme, "Ingia basi, utanyeshewa," kama alivyokuwa ananisemesha. Akainamisha kichwa. Akasema, "Tafadhali ingieni ndani mpumzike, safari imewachosha." Mimi peke yangu, kwa lugha ya wageni. Nikamjibu kwa lugha hiyo hiyo, nikamshukuru, nikamtakia safari njema.

Mama amekaa uani tangu siku ile. Hataki kukutaja na hataki nikulaumu. Anasema penseli ya kwanza ilikuwa ya kwake, yeye ndiye aliyeandika Jumatano.

Gazeti la mwisho nimelinunua mwenyewe. Nimeona ukurasa wa nyuma umewaorodheshea wasomaji vilivyokusaidia: Primbon, kitabu cha mapishi, mchezo wa vijitu, tamthilia ya saa kumi, filamu ya fundi cherehani. Na mwisho kabisa, "barua za mtu mwenye furaha."

Hiyo ya mwisho usiwape tena. Haipatikani.

Ratri,
Alhamisi Wage