Chokaa Iliyoshuka Bahari Ilipojaa

Jumatano, Bunda. Jua limewaka tangu asubuhi, bati la nyumba ya mamdogo hapa Manyamanyama linaalika tu. Chai nimeiacha ipoe mezani.

Nimetoka kwetu Bukima jana kufuata mtandao. Kesho natetea tasnifu yangu ya uzamili kwa video. Nikipita, kuna nafasi ya kufundisha chuoni inanisubiri. Nikirudishwa, anapewa mwingine. Msimamizi wangu aliniambia hivyo waziwazi.

Na leo nimegundua kwamba sura ya nne nimeiandika kichwa chini miguu juu.

Ninachosoma ni tope la chokaa lililotolewa kilindini, kando ya jukwaa la bahari, yaani eneo pana la maji ya kina kifupi lenye matumbawe na mwani. Tope lina matabaka manene na membamba, yanapishana. Niliandika kwamba manene yalijengeka bahari ilipopungua. Wala sikujiuliza mara mbili. Mimi ni mtoto wa ziwani, nimekua nikiona tope linaletwa na mto kutoka nchi kavu, na maji yakipungua mto unalisukuma mbali zaidi.

Chokaa hailetwi na mto!

Inatengenezwa palepale jukwaani, na viumbe wanaohitaji maji na mwanga. Bahari ikijaa, jukwaa lote linafunikwa, viumbe wanashamiri, chokaa inazidi, mawimbi na mikondo inaikumba na kuimwaga ukingoni mpaka kilindini. Bahari ikishuka, jukwaa linabaki juani na kazi inasimama. Kule chini inafika kidogo tu.

Asubuhi nilikuwa napitia picha za hadubini ili nijiandae kwa maswali. Matabaka manene yamejaa vipande vya mwani na matumbawe, hakuna hata chembe ya mchanga wa mto. Picha nilizipiga mwenyewe. Nina hasira na macho yangu.

Nikampigia msimamizi. Akasema, "Usiguse kitu. Wakikuuliza, jibu. Wasipokuuliza, kaa kimya." Nikamshukuru kwa adabu zote, nikakata simu.

Mamdogo akaniona nimenuna, akanibana mpaka nikasema. Akacheka. "Mwanangu, nyamaza upate kazi kwanza. Mambo ya chini ya bahari huko nani ataendaga kuchungulia? Mama yako ameshatangazia kwaya nzima."

Kwaya nzima. Jamani, mama.

Nakiri, nilitaka kumsikiliza. Nilifunga kompyuta, nikaenda kufua nguo ambazo wala hazikuwa chafu. Lakini kazi yenyewe ninayoitaka ni kufundisha somo hilihili. Wiki ya kwanza tu ningesimama mbele ya wanafunzi, halafu niwafundishe lipi? Lililo kweli, wakati tasnifu yangu iko maktaba inasema kinyume? Au nidanganye, mwaka baada ya mwaka, ili nilinde ukurasa?

Naogopa kurudishwa. Naogopa zaidi kupita hivi.

Kwa hiyo nimeandika marekebisho, nikaweka zile picha, nikawatumia wasahihishaji wote, na nakala kwa msimamizi. Kesho slaidi yangu ya kwanza itasema nilikosea wapi. Mama nitamwambia mwenyewe, kabla kwaya haijashona sare.

Barua pepe imekwenda. Simu inaita, ni msimamizi.

Napokea.