Mashine Mbili, Jina Moja

Kitui, Alhamisi jioni

Kosa lenyewe lilikuwa la kijinga. Ile kompyuta mpya ina diski yake ya mfumo, na mimi kwa kutaka kumaliza haraka nikanakili humo diski ya kompyuta moja ya zamani, kila kitu, hadi jina. Tangu asubuhi nilikuwa naiwasha ijiunge na zile mbili za zamani za ofisi, nazo zinaikataa.

Saa tisa nikampigia fundi mkuu Nairobi. Akacheka sana. "Umezipa jina moja! Kwenye kundi la kompyuta, jina ni la mashine moja tu."

Nilikasirika. Syombua, karani wetu, akasikia akasema, "Kwani ni makosa? Si hata mtoto wako ana jina la babako?"

Ndiyo. Nzioka, kama marehemu baba. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Walimpa jina huko nyumbani Mbumbuni mimi nikiwa hapa nafungua maboksi ya kompyuta. Sasa ana wiki tatu na sijambeba hata mara moja. Naogopa siku akiniona atalia.

Nikabadilisha jina, nikawasha tena. Ikakubaliwa! Nikapiga makofi, lakini Syombua alikuwa ameshaenda nyumbani.

Basi nikapiga simu dukani Mbumbuni, karibu na kwetu, wakamwita mama yangu. Nikamuuliza mtoto yuko aje.

"Mume wangu amelala," akasema juu ya mjukuu wake, kwa ile sauti aliyokuwa akimwitia baba.

Nikamwambia asimwamshe. Nilipokata simu, skrini ilikuwa inaonyesha mashine tatu, zote zinaonana.