Sentimita Tano Kando

Jumatatu, 9 Septemba 2019

Mashine imeibana boriti ya zege na kuiachia mara laki mbili. Kwa macho haina hata ufa mmoja. Lakini mawimbi ya sauti, yale ambayo sikio halisikii, yalikuwa yakiivuka kwa mita 4,400 kwa sekunde. Leo 3,900. Inachanika kwa ndani! Na zege ni lile lile la daraja la malori ya magogo, linalofunguliwa tarehe 18.

Nimemwambia Don Fidel, mkuu wa maabara. Akasema labda nimepaka grisi kidogo chini ya vichwa vya kipimo. Nimepaka upya. 3,900.

Alhamisi, 12 Septemba

Siku ya tatu sijaitwa kwenye chai ya saa kumi. Nawasikia wakicheka upande wa pili wa ukuta. Nimekula mkate na parachichi nikiitazama boriti.

Don Fidel kaja, mpole. "Sogeza vichwa sentimita tano tu, Doña Nelda. Si boriti ni ile ile?"

Anajua nami najua: sentimita tano kando imelala nondo, na sauti hukimbia ndani ya chuma hata zege likiwa limechoka. Nimesogeza. 4,500. Nimeitia saini ripoti.

Ijumaa, 13 Septemba

Nyama choma uani, kusherehekea mapema sikukuu ya uhuru ya tarehe 18. Nimealikwa — mara ya kwanza tangu nimzike mume wangu Osvaldo, miaka mitatu. Yasna wa ofisini kanijazia sahani empanada, zile sambusa kubwa za nyama: "Kula, mama, umekonda kama waya wa kipimo!" Nikacheka nao. Nimecheza ngoma yetu ya cueca, kitambaa juu, magoti yakilia.

Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumanne, 17 Septemba

Asubuhi nimerudisha vichwa kwenye alama ya zamani. 3,400.

Kesho malori ishirini yatavuka, magogo juu, bendera mbele, watoto wa shule wakiwa wamepangwa kandokando.

Don Fidel kaingia sasa hivi. "Kesho nimekuwekea kiti jukwaani, ubavuni pangu. Usichelewe, malkia wetu."

Miaka mitatu hakuna aliyeniwekea kiti. Nimemshukuru, kwa moyo kabisa. Kisha mbele yake nimempigia mhandisi wa manispaa.

Simu inaita. Naandika ili mkono huu usiikate. Don Fidel hajaondoka. Amevuta kigoda, ameketi karibu nami, karibu sana —

Haloo, wamepokea.