Feni ya Wageni Iliyopanda Darini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia. Ungenitazama kwa lile jicho lako. Wiki hii jua la Mwanza limewaka kweli, na kila anayeingia kwangu anauliza nimefunga mtambo gani wa kuleta ubaridi humu ndani. Najibu kwa kujidai: "Huo ni ufundi wa baba yangu."

Unakumbuka ulivyopunguzwa kazi kiwandani, miaka ile viwanda vinauzwa na maduka yanajaa vitu vya nje? Wenzako walinuna. Wewe ulimalizia nyumba yetu ya Kisesa: bati jipya, silingi bodi kila chumba, na feni ya mezani inayong'aa. Mama akaifumia kitambaa cheupe, ikawa inafunuliwa wageni wakija tu. Kisha ukaenda Bujora kumchukua Bibi, mama yako, kwa sababu macho yalikuwa yamefifia na alikuwa akijiunguza jikoni peke yake.

Hazikupita siku nyingi akafunga mzigo wake. Maisha yote alilala chini ya paa la nyasi. Bati lako lilimshinda.

"Ng'wanawane, mwanangu, humu nachemka," alikuambia. "Nirudishe kwangu."

Ulimsihi akupe hadi Jumapili. Ukaifunua feni, ukamwelekezea, ikampulizia joto lile lile usoni. "Haya, sasa joto lenyewe linanifuata," akasema, akageukia ukutani. Nilikuona ulivyonywea.

Mchana wa siku iliyofuata uliweka ngazi ukapanda darini. Ulishuka shati limelowa chapachapa, unacheka. "Joto limejazana kule juu, halina pa kutokea." Kiwandani ulikuwa umeona feni kubwa zikivuta hewa yenye vumbi la pamba na kuitupa nje, ukaamua na yetu ivute badala ya kupuliza. Ukatoboa kuta za pembeni juu kabisa, karibu na bati, ukaweka wavu wa kuzuia popo. Ukakata tundu jingine kwenye silingi ya korido. Mwisho ukaibeba feni sebuleni, ukaifunga kule darini, uso umeelekea nje.

Mama alitaka kulia. "Baba Kabula! Feni ya wageni unawapelekea popo?"

Majirani nao walicheka mpaka basi. Mtu ananunua kitu cha maana, halafu anakificha mahali ambapo hakuna mgeni atakayekiona! Wewe ulipiga mluzi tu, na jua lilipopungua ukali ukaiwasha feni, ukafungua madirisha yote.

Upepo wa ziwani, ambao siku zote ulikuwa ukiishia nje, ukaingia. Mapazia yakaanza kucheza. Bibi alikuwa ameketi kitandani, mzigo miguuni, akageukia dirishani. Kisha akaniita. "Kabula, mwambie baba yako mtu aende Bujora, akanichukulie jiwe langu la kusagia."

Ulikuwa mlangoni, ulisikia. Ukasema unapanda kuangalia wavu, na ulikuwa umetoka kuuangalia sasa hivi. Sikuwahi kukuona ukilia, Baba, na siku ile hukutaka nianze.

Walidhani kupunguzwa kazi kumekumaliza. Mimi nilikuona siku ile ukiwa mkubwa kuliko mtu yeyote Kisesa, na sijabadili mawazo. Nyumba yangu nayo ina matundu yale yale juu ya kuta, na fundi alipobisha nilimwambia atoboe kwanza, tubishane baadaye. Najivunia kuwa mtoto wako. Nalisema waziwazi, wala sioni haya.

Pumzika, Baba. Ulitaka mama yako azeekee kwako, na akazeekea kwako. Bujora alirudi siku tuliyompeleka kumzika.

Mimi binti yako,
Kabula