Nyumba ya Mbao Ilipokuwa Tumbo la Gitare

Kambale wangu, Papa Masika,

Siku ya posho, Jumamosi hii, tutakuzika. Nimeona si vizuri habari hiyo uisikie kwanza kwa watu wengine, ndiyo maana nimekaa hapa kwenye kizingiti kukuandikia. Mdogo amelala mgongoni. Mdogo ni yule uliyemwacha tumboni. Anaota meno, analia mchana kutwa, na leo amechoka kabla yangu, basi nimepata nafasi.

Si kwamba wamekupata. Hakuna aliyekupata. Ulitoka hapa Bulengera, mtaa wetu wa Butembo, ukaenda upande wa Beni kuvuna kakao ya marehemu baba yako. Wale waasi wa porini wakashambulia, watu wakatawanyika, na tangu hapo hakuna aliyekuja kuniambia "nimemuona", wala "nimemzika". Mama yako amechoka kungoja. Anataka tuzike mgomba mahali pako, kule kwake Vuhovi, kama wazee wanavyomfanyia mtu ambaye mwili wake haukuonekana: shina la ndizi linakatwa kwa urefu wako, linavikwa shati lako, linafungwa shuka, linashushwa kaburini kwa jina lako. Nilikataa. Nilikataa tena na tena. Sasa nimekubali, na siwezi kukueleza kwa nini bila kurudi kwenye mambo ya gitare.

Unaikumbuka ile ya kwanza? Gitare kavu ya baba yako, isiyojua umeme wala ampli ya kukuza sauti, yenye ufa tumboni uliouziba mwenyewe kwa kole ya useremala. Kule Beni ulikuwa ukitoka kazini unakaa nayo mlangoni, vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi zako, na Masika alikuwa mchanga, analala kabla hujamaliza wimbo. Mimi nilikuwa nakukasirikia kidogo. Kutwa nzima nimembembeleza, hataki. Wewe unagusa kamba kwa kidole gumba, tayari amelala.

Siku tuliyokimbia vita kule Beni, mimi nilibeba mtoto na sufuria, wewe godoro kichwani. Gitare uliiweka nyuma ya mlango, ukaufunga, ukasema, "Tutarudia hivi karibuni, hapana kuogopa." Hatukurudi.

Hapa Butembo Masika hakutaka kulala. Nyumba ilikuwa ngeni, mbao tupu, upepo unapita. Ndipo siku moja ukaingia na ile nyekundu. Bwana mmoja aliyekuwa akipiga muziki kwenye baa alikuwa anahama, ukampa vitanda viwili ulivyotengeneza, akakupa gitare ya umeme na ampli yake. Niliicheka sana.

"Hii ni gitare ao ni mulango ya frigo?" nilikuuliza. "Iko bapa hivi! Haina tumbo."

"Tumbo tutaitafutia," ulinijibu. Ulikuwa hutanii.

Ulipoiunga kwenye batri ya jua na kupiga mara ya kwanza, ilipiga kelele hata kuku wa jirani wakaruka. Masika akalia. Ukapunguza sauti nyembamba zote kwenye ampli, ukidhani ukali ndio unaoharibu. Nikakuambia, "Sasa inalia sawa mutu anasema chini ya blanketi." Ukakunja uso. Kisha ukafanya jambo ambalo mpaka leo silisahau: ukachukua kiti ukakiweka nje, ukaniketisha, mgongo kwa mlango.

"Hapana kuangalia mikono yangu," ulisema. "Ukiangalia mikono utanihurumia. Sikiliza tu, useme ukweli."

Basi nikawa masikio yako. Kila ulipotoka kazini nilikaa nje nikichambua maharagwe, na wewe ndani unapiga, unanyamaza, unauliza, "Bado?" Nami najibu, "Bado." Mama Katungu, jirani yetu, akapita akasimama.

"Mama Masika, bwana amekufukuza ku nyumba?"

"Hapana, niko ku kazi."

"Kazi gani ya kukaa kitako?"

"Ya masikio."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Na miye nitafutie hiyo kazi, Mama! Yangu ya kupanda mulima na ndizi ku kichwa imenichosha."

Lakini ulikuwa unasogea, na mimi nilikusikia ukisogea. Uliacha kile kiplastiki cha kugongea kamba, ukarudia nyama ya kidole. Ukahamisha mkono, ukawa unapiga karibu na shingo ya gitare, pale inaposema polepole. Kamba ya tatu, iliyokuwa nyembamba na laini, ukaitoa, ukaweka ile yenye kusokotwa kama ya gitare kavu. Volume ya gitare yenyewe ukaishusha, ukafungua sauti nyembamba kwenye ampli, ukaiminya ile ya katikati. Halafu ukakata kipande cha sponji pembeni ya godoro letu, ukakipachika chini ya kamba, huko mwisho, kiziguse kidogo tu. Uliniambia kwamba gitare ya umeme ina tabia ya kuburuta maneno, ila gitare kavu inasema na kunyamaza. Niligombana nawe kwa ajili ya godoro. Lakini ilikuwa kweli, ilianza kunyamaza vizuri.

Hata hivyo nilisema, "Bado." Najua nilikuchosha. Ungeweza kunifurahisha tu, nami ningeweza kukudanganya. Hatukufanya hivyo.

Kisha siku ile, jua likiwa bado juu, uligeuza ampli. Badala ya kutazama chumba, ukaielekeza kwenye ukuta, karibu kabisa, mdomo wake kwa mbao. Mimi sikujua. Nilikuwa nje, mgongo umeegemea ukuta uleule. Nikasikia nyumba inatetemeka ndani ya mifupa yangu. Mbao ndizo zilikuwa zinaimba. Nyumba nzima ilikuwa imekuwa tumbo, na sauti iliyotoka ilikuwa ileile ya mlangoni kwetu, ya kidole gumba, hata ufa niliusikia, na ule ufa haukuwepo.

"Bado?" uliuliza.

Mkono wangu ulikuwa umebaki ndani ya maharagwe.

"Mama Masika, sema basi. Bado?"

Nikasema, "Ni Beni."

Ulitoka nje, ukanikuta nalia juu ya maharagwe, ukakaa chini kwenye udongo na suruali yako ya misa. Ndani, Masika alikuwa amelala.

Mambo ya kwaya, ulipokuwa ukiwapigia gitare, wewe unayajua. Kanisani, kwenye ukuta wa simenti, sauti ile haikutoka hata mara moja, na ulirudi umenuna kila siku ya yenga, kila Jumapili. Mimi nilifurahi kwa siri kwamba ilikubali kuishi kwetu tu.

Siku unaondoka ulikuwa tayari umepanda moto, ile pikipiki, nyuma ya dereva, mfuko wa kakao umekunjwa chini ya kwapa, ndipo ukasema, "Nikifika Beni nitachungulia kama ile ya baba iko nyuma ya mulango."

"Iache," nilikuambia. "Hii inatosha. Hii inalia sawasawa na ile."

"Hii inafanana," ulisema. "Lakini ile ni ile."

Ni maneno yako ya mwisho niliyonayo. Ningependa yangekuwa juu yangu, lakini ni juu ya gitare, na nimeyashika hivyohivyo.

Mama yako alipokuja na habari ya mgomba, nilimpa kiti, nikampa chai, nikamwambia hapana. "Sitavika mugomba shati ya bwana yangu, Mama. Kama yuko hai?"

"Kama yuko hai atatucheka," alisema. "Na kama amekufa, anatembea hana fasi ya kulala. Anapita ku milango ya batu."

"Mutu akizikwa, hapana mwenye kumutafuta tena," nilimwambia.

Akaweka kikombe chini. "Sikiliza, mutoto yangu. Weye uko na bwana mwenye haonekani. Miye niko na mutoto hana kaburi. Hapana tupimane nani anaumia zaidi."

Nikamjazia kikombe, kwa sababu hakuwa mkali. Alikuwa amezeeka tu, kwa mara moja. Lakini sikukubali. Nilikuwa nikiona kwamba nikisema ndiyo, mimi ndiye nitakuwa nimekuua.

Kisha Kasereka, mdogo wako, akaja. Familia ilikuwa imemtuma apige wimbo wako, ule wa bila maneno uliokuwa ukimlaza Masika, kwenye sala ya kukuombea tuliyotaka kufanya hapa nyumbani. Unamjua, vidole vyake vimezoea kuchezesha watu. Akaishika ile nyekundu, ikaanza kulia kama harusi.

"Shemeji, hivyo hapana," nilimwambia.

"Mama Masika, ni nota zilezile!"

"Nota ni zilezile, sauti siyo. Shusha volume. Acha hicho kiplastiki. Mukono ulete karibu na shingo."

Akanitazama. "Nani amekufundisha gitare?"

"Sijui gitare. Najua kusikiliza. Geuza ampli, iangalie mbao."

"Iangalie ukuta? Na batu basikie nini?"

"Geuza."

Nikatoka nje na mdogo wetu mikononi, nikaegemea ukuta. Akapiga. Nikasema, "Bado." Akasogeza kitu, akapiga tena. Nikasema, "Sponji imetoka, irudishe." Alikuwa anaanza kunichukia, nadhani. Halafu mbao zikatetemeka mgongoni mwangu, na nilijua kabla hata sijafungua mdomo.

Lakini si mimi peke yangu niliyesikia, Papa Masika. Masika alikuwa bombani na watoto wa Mama Katungu, wanaosha sahani. Alitupa beseni. Nilimuona akija mbio, mikono ina povu, kiatu kimoja kimebaki njiani, anapiga kelele, "Papa! Papa amerudia! Papa!" Sikupata nafasi ya kumzuia. Akapita mbele yangu kama sipo.

Kasereka alikuwa ameinamia kamba. Akainua kichwa. Masika akasimama. Akamtazama baba yake mdogo, kisha akaanza kutafuta. Alitazama nyuma ya mlango. Akatazama chini ya meza. Akaenda nyuma ya ampli, akaingiza mkono kati ya ampli na ukuta.

"Amejificha wapi?" aliniuliza.

"Papa hayuko, mama yangu."

"Lakini nilimusikia."

Nikamfuta povu mikononi. Kasereka aliilaza gitare chini taratibu, akatoka, akaenda kulilia nyuma ya choo.

Tangu siku ile anakimbia. Redio ya jirani ikipiga gitare, anakimbia. Mtu akigonga, anakimbia. Moto ikizima injini karibu na nyumba, anaacha chakula. Na kila akirudi, anarudi akiwa mdogo kuliko alivyotoka. Mimi ni mtu mzima, ningeweza kukungoja mpaka nywele ziwe nyeupe, ningekungoja nikitwanga, nikiuza, nikinyonyesha. Ningeweza. Lakini siwezi kumlea mtoto wako akiwa amesimama mguu mmoja kuelekea mlango. Nataka awe na mahali pa kwenda polepole, akiwa na maua, ajue kwamba ni hapa, na arudi nyumbani ale.

Ndiyo maana nilipanda mpaka Vuhovi, mdogo mgongoni, nikamwambia mama yako, "Kateni mugomba." Alinishika mikono yote miwili. "Wasingya, asante," alisema. Katekista amesema atasali na kunyunyiza maji kaburini, ila kilicho ndani ya shuka yeye hataki kuulizwa.

Nimeweka masharti yangu pia, wasifikiri nimelegea. Walitaka gitare iingie kaburini pamoja na mgomba. Nimesema hapana, ni ya Masika, akikua ataamua yeye. Shati nimewapa lile la bluu la misa. Lile la kazi, lenye vumbi la mbao kwenye mshono, hata wasiniulize. Na Kasereka atapiga. Nyumba ya mama yako ni ya udongo, haiimbi, basi nimewaambia waung'oe mlango wa mbao, wausimamishe mbele ya ampli. Wamenitazama kama mwenye wazimu, lakini wataung'oa.

Mdogo ameanza kujigeuza mgongoni, sina muda mrefu. Nisikilize, kwa hiyo. Sikukuua. Nimempa mtoto wako kaburi, ni hilo tu nililofanya. Ikiwa uko mahali fulani, mgonjwa, umefungwa, umepotea njia msituni, usije ukasikia kwamba umezikwa ukadhani umefukuzwa. Siku utakayokuja, pitia kwanza Vuhovi. Utaona msalaba una jina lako. Usiogope. Ung'oe, uulete hapa, ni mbao nzuri, nitauwashia moto nikupikie.

Lala, Kambale, kama umelala. Na kama hujalala, tembea haraka.

Bibi yako,
Mama Masika