Shada Nililoliandika Vibaya

Baba Anna,

Tulikuzika mgombani, upande wa juu wa nyumba, kama ulivyotaka. Kahawa imechumwa, ng'ombe mwekundu amezaa, na bomani wamempata karani mwingine wa kutafsiri mahali pako. Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Ungemcheka.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipukuchua mahindi huku unanifundisha maneno yako ya Kiingereza yanayoanza na w na r? "Wring", kukamua nguo. "Wrist", kiungo cha mkono kinachogeuka. "Wreath", shada la maua. Ulisema yote ni ndugu, ndani yake mna kusokota. Nikakuuliza hiyo w ni ya nini kama haitamkwi. Ukasema, "Mama Anna, zamani waliitamka. Siku hizi imenyamaza tu, usiisahau."

Sikuisahau. Siku ya msiba nilimwandikia memsabu, yule mama wa Kizungu wa shamba la kahawa kule Tengeru, kumwomba shada la kaburi lako. Alikuja mwenyewe, mikono mitupu, uso umempauka. Nilikuwa nimeandika "wraith".

Hilo hukunifundisha. Memsabu alisema kwao Uskoti ni mzuka wenye sura ya mtu aliye hai, unaoonekana kifo chake kikikaribia, na neno lenyewe hakuna ajuaye lilikotoka. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kile, "Nani nasema wewe omba hii?" Nikacheka, Baba Anna. Nilicheka mbele ya jeneza lako.

Jumapili nilikwenda mtoni kufua. Niliporudi, Anna alikuwa mlangoni, akashangaa kuniona. "Mama, si umekaa ndani kwenye kiti cha baba?" Niliingia. Kiti kilikuwa kitupu. Nilikigusa, kilikuwa bado na joto.

Jana Anna alimwona tena. Anasema huyo mama mwingine hasemi, anamtazama tu akicheza, kisha anachungulia mgombani, uliko wewe.

Naogopa. Sikufichi, nakutamani mno, na kuna saa nasema heri nije. Lakini Anna hajui hata kufunga vifungo vya gauni lake, na ndugu zako wameshaanza kulipima shamba kwa macho. Kama ni wewe uliyemtuma huyo kunichukua, mwite arudi. Nitakuja Anna akishakuwa na kwake, si kabla.

Lala salama, mume wangu. Naandika nje, kwenye mwanga, na Anna ananiita kutoka ndani. Sijafumbua kinywa, na tayari kuna aliyemwitikia.

Naingia. Mwanangu simwachii mtu.

Mkeo,
Mama Anna