Koki ya Mtaroni: Kumbukumbu za Kikao cha Kamati ya Usalama na Mazingira Kuhusu Shauri la Mama Zambarau

KIWANDA CHA KUTIA RANGI VITAMBAA
Tarehe: Jumanne ya pili ya mwezi wa sita
Mahali: Chumba cha kulia chakula (chumba cha mikutano kimejaa marobota)

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, mjomba wa mwenye kiwanda
2. Meneja Uzalishaji
3. Mtunza Stoo
4. Muuguzi wa kiwanda
5. Fundi Bomba
6. Mwakilishi wa wanafunzi walio katika mafunzo kwa vitendo – Katibu (hapigi kura)

ALIYEITWA: Mama Zambarau, fundi rangi, aliyesimamishwa kazi. Aliketi ushorobani.

ASIYEHUDHURIA: Mwenye kiwanda. Hakutoa udhuru, na hakuna aliyethubutu kuuomba.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na nusu mchana. Alieleza kwamba ajenda ni moja tu: Mama Zambarau afukuzwe kazi au asifukuzwe. Fundi Bomba aliomba ajenda ya glavu itangulie, kwa kuwa imeahirishwa katika kila kikao tangu kamati hii iundwe. Mwenyekiti alijibu kwamba hiyo ni ajenda ya kudumu. Fundi Bomba alikubali kwamba ni ya kudumu, kama kovu. Mwenyekiti alimwagiza Katibu asiandike neno "kovu". Agizo hilo limepokelewa na linaandikwa hapa.

KUMB. NA. 2/ LALAMIKO LA DOBI

Kikao kiliarifiwa kwamba wiki iliyopita dobi wa mtaa wa chini alifika getini na beseni la mashuka ya wateja wake. Yalikuwa meupe, sasa ni ya zambarau. Maji ya kiwanda yalikuwa yameingia katika kijito anachofulia. Dobi alimwambia mlinzi kwamba hakuomba kutiwa rangi, wala bure wala kwa malipo. Mwenyekiti alisema dobi ameombwa radhi. Muuguzi aliuliza ni nani aliyemwomba. Mwenyekiti alisema ataombwa.

KUMB. NA. 3/ SHAURI LA MAMA ZAMBARAU

Meneja Uzalishaji alisoma mashtaka: kwamba Mama Zambarau, kwa makusudi, alifungua koki ya mtaroni. Alipendekeza afukuzwe mara moja "ili wengine washike adabu". Aliongeza kwamba tatizo la kiwanda hiki ni wafanyakazi wasio na utamaduni wa usalama. Hakueleza utamaduni huo wangeuchota wapi.

Kwa faida ya mwenye kiwanda, ambaye hajakanyaga chumba cha mapipa siku nyingi, Fundi Bomba alieleza kwamba kila pipa kubwa la rangi lina koki mbili. Ya kwanza hupeleka maji machafu kwenye bwawa la kiwanda, yakatulia na kusafishwa kabla ya kutoka. Imejificha nyuma ya pipa, kwenye mvuke, na chuma chake huunguza. Ya pili iko mbele, ni ya baridi, na humwaga kila kitu mtaroni. Ilipaswa kuzibwa zamani. Haikuzibwa kwa sababu kuiziba kunahitaji pipa lisimame kwa muda, na Meneja hajawahi kuutoa muda huo.

Mama Zambarau aliitwa. Meneja alimtaka ajibu ndiyo au hapana: alifungua au hakufungua? Alijibu:

"Nimefungua, baba. Sasa na mimi niulize. Ile ya nyuma ningeishika na nini? Na upande wa kanga?"

Meneja alisema glavu zipo. Mtunza Stoo alithibitisha kwamba zipo, nzuri kabisa, ndani ya kabati, na kwamba ufunguo anao Meneja. Alipoulizwa hutolewa lini, alitazama dirishani, kisha akasema hutolewa asubuhi wakaguzi wanapokuja, na hukusanywa gari lao likishakata kona. Meneja alifafanua kwamba glavu zikivaliwa kila siku zitachakaa, na wakaguzi watakuta glavu mbovu. Katibu alimwomba Meneja arudie kauli yake ili iandikwe sawasawa. Meneja aliirudia, tena kwa fahari.

Muuguzi alitaka kujua kwa nini Mama Zambarau hakusubiri pipa lipoe kwanza. Jibu lilikuwa hili:

"Wewe dada, unakaa huko kwenye bandeji, huijui Maliza-Uende?"

Maliza-Uende ni mpango wa Meneja Uzalishaji: kikundi kinachomaliza kumwaga pipa lake kwanza kinakwenda nyumbani, na cha mwisho kinabaki kufagia uwanja wote. Mama Zambarau alisema analea watoto watatu wa marehemu dada yake, na kwamba akichelewa kutoka wanakaa nje ya mlango mpaka giza. Alisema vikundi vyote hufungua koki ya mbele. Yeye alibahatika tu kukutwa na rangi inayoonekana, kwani wenzake siku hiyo walikuwa wakitia rangi ya maziwa. Wajumbe walicheka. Mwenyekiti naye alicheka, kisha akagonga meza.

Meneja alisema hizo ni porojo na kwamba mpango wake umepongezwa na mwenye kiwanda kwa barua. Muuguzi alimwambia: "Shemeji, umewapa watu zawadi kwa kuharibu, kisha unawashtaki kwa kuharibu." (Muuguzi ameolewa na kaka yake Meneja.) Meneja alimkumbusha kwamba kazini hakuna shemeji. Mama Zambarau alitoka na kurudi ushorobani.

KUMB. NA. 4/ KIKAO KUKATIZWA

Kabla kura haijapigwa, kelele zilisikika kutoka chumba cha mapipa kwamba pipa kubwa linafurika. Meneja alikimbia akiwa wa kwanza, jambo ambalo kikao kinalitambua kwa heshima. Wajumbe wote walimfuata.

Mbele ya macho ya wajumbe wote, Meneja aliingia nyuma ya pipa, akaishika koki ya bwawa, akaiachia, akapuliza vidole, akaita "Glavu! Leteni glavu!" Mtunza Stoo alimjibu kwamba ufunguo uko mfukoni mwa Meneja mwenyewe. Meneja alijipapasa na kukumbuka kwamba ufunguo uko kwenye mkoba, na mkoba uko chumba cha chakula. Rangi ilikuwa imefika kwenye viatu vya Mwenyekiti. Hapo Meneja alizunguka mbele ya pipa na kufungua koki ya mtaroni.

Maji yaliteremka kuelekea kwa dobi. Safari hii yalikuwa ya kijani.

KUMB. NA. 5/ KUENDELEA NA UAMUZI

Kikao kilirejea. Muuguzi alimfunga Meneja vidole viwili. Meneja aliomba jeraha hilo lisiandikwe. Aliomba pia tukio lote lisiandikwe, kwa kuwa lilikuwa la dharura. Mama Zambarau, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kuitwa, alisema: "Pole, baba. Hata mimi ilikuwa dharura." Mwenyekiti alimtaka arudi nje. Hakurudi, na Mwenyekiti hakurudia.

Fundi Bomba alitoa hoja kwamba haki ni moja: ama watuhumiwa wawili wafukuzwe kwa kosa moja, ama wote wawili wabaki na koki izibwe. Hoja iliungwa mkono na Muuguzi. Meneja alidai kwamba mtu hawezi kulinganishwa na mtu. Katibu aliomba ufafanuzi wa kauli hiyo, haukutolewa.

Kura zilipigwa. Meneja, ambaye hakuona sababu ya kujitoa, na Mtunza Stoo, ambaye hakunyanyua macho, walitaka afukuzwe. Fundi Bomba na Muuguzi walitaka arudishwe. Mwenyekiti alitazama viatu vyake, sasa vya kijani, kisha akasema: "Arudi. Mimi ni mtu mzima, siwezi kusema sikuona."

ILIAMULIWA:
Mama Zambarau arudi kazini kesho asubuhi bila onyo.
Masuala ya ufunguo wa kabati, ya kuziba koki na ya mpango wa Maliza-Uende yapelekwe kwa mwenye kiwanda, ambaye tarehe ya kurudi kwake haijulikani.

Katibu alieleza kwamba uamuzi wa pili unaufuta wa kwanza. Mwenyekiti alisema Katibu bado kijana, aandike tu.

KUMB. NA. 6/ KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alimpa Mama Zambarau mkono na kumwambia yamekwisha. Mama Zambarau alishukuru, kisha akauliza:

"Mjomba, kesho pipa likijaa na kabati limefungwa, nifungue ipi?"

Mwenyekiti alimtazama Meneja. Meneja alitazama vidole vyake. Saa kumi na dakika kumi kikao kilifungwa, swali likiwa bado mezani.

Mwenyekiti: (sahihi) "Nimesaini, ila sikubaliani na maneno ya Katibu."

Katibu: (sahihi) "Nimesaini. Mwenyekiti hakunionyesha humu neno lolote lisilo la kweli."